Siku tano kwenye boti ya tanga, Tanga hadi Pemba: jibu kwa mwalimu wa Lushoto

Nimeandikiwa na mwalimu wa sekondari anayefundisha Lushoto, mwenyeji wa Chumbageni hapa Tanga mjini. Nafupisha barua yake: “Shikamoo mjomba. Mwaka jana nilijifunza kuzamia kwa mtungi kule Nungwi, Unguja, nikapata cheti cha mwanzo. Nimeshazamia mara 11, zote kwa boti ya kwenda asubuhi na kurudi mchana. Sasa mimi na wenzangu tumekodi boti ya tanga kwa usiku tano, wiki ya kwanza ya Januari: Tanga, Maziwe, Pemba, kisha Tanga. Tutakuwa wanane pamoja na nahodha na baharia wake. Sijawahi kulala baharini. Nitarajie nini? Nitaweza kusali na kujisitiri? Silikanti, yule samaki wa kale, tutamwona? Tunazamia mara ya mwisho Jumapili alfajiri, tunaingia Tanga mchana, na Jumatatu shule inafunguliwa.”

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na maneno yako ya mwisho, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nikujibu siku ileile.

Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukizamia Jumapili alfajiri, ukashuka mchana, ukapanda basi na jioni ukawa unazikata kona za kutoka Mombo, utakuwa umefanya jambo lilelile analokatazwa mzamiaji anayetaka kupanda ndege. Habari ya ndege umefundishwa, nina hakika. Ya mlima huenda hukuambiwa, kwa sababu Unguja hakuna mlima.

Chini ya maji unavuta hewa iliyogandamizwa, na naitrojeni iliyomo huingia kwenye damu, kwenye mafuta na kwenye maungio. Ukipanda taratibu huanza kutoka kwa pumzi, lakini haiishi kwa saa moja wala kwa saa tano. Ukikaa pwani, inayosalia hutoka yenyewe bila kukudhuru. Lushoto mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa Raskazone, hapa ufukweni Tanga, kwa asilimia 15 hivi, na huko ile iliyosalia inaweza kugeuka mapovu ndani ya mwili. Taratibu za kungoja kabla ya kuruka zimewekwa kwa urefu wa kuanzia mita 600 hivi hadi 2,400, na Lushoto imo humo katikati. Aliyezamia mara moja tu angoje saa 12. Aliyezamia mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, angoje angalau saa 18. Kwa anayepanda Usambara baada ya siku tano chomboni, mimi nasema saa 24 bila kupunguza. Kwa hiyo mbizi yako ya mwisho iwe Jumamosi, na uwe umetoka majini kabla ya saa nane mchana. Jumapili wenzako wakishuka, wewe elea juu kwa miwani na mrija uwatazame. Na kama miongoni mwenu yupo anayerudi Arusha, naye afanye vivyo hivyo. Arusha nayo iko juu karibu sawa na Lushoto.

Nalikazia jambo hili kwa sababu mbizi zako 11 ulizifanya moja moja au mbili mbili, ukarudi nchi kavu ukapumzika. Chomboni mtazamia mara mbili au tatu kila siku. Chukua kanga uliyoilowesha na kuianika jioni kwenye kamba za mlingoti. Asubuhi ukiishika bado ina unyevu wa chumvi, na ukiichovya tena inajaa maji upesi kuliko iliyokauka. Mwili wako siku ya tatu ni kanga hiyo. Muda ule ule, kina kile kile, siku ya tatu mzigo wa naitrojeni ni mkubwa zaidi kuliko siku ya kwanza. Ndiyo maana nataka uwe na saa yako ya kuzamia, ile inayohesabu kina na muda, na usiazimane na mtu katikati ya safari: hesabu iliyomo ndani yake ni ya mwili uliokuwa nayo, haihamishiki. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika tatu kwenye mita 5 kila mara, hata kama mbizi ilikuwa fupi. Halafu siku ya tatu au ya nne acha mbizi moja. Nenda Wete au Mkoani ukatembee, unywe kahawa, ulale mchana. Hakuna atakayekuona mnyonge, na akiwapo, mwache.

Sasa upepo. Ratiba mliyopewa ni nzuri, lakini ni ya kusi, upepo wa kusini. Januari kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, imekolea. Kutoka Tanga kwenda Maziwe, kilomita kama 48 kuelekea kusini, upepo utakuwa mgongoni na mtaona raha. Taabu itaanza kesho yake. Kutoka Maziwe kwenda Misali, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, ni kilomita kama 65 kuelekea mashariki na kaskazini kidogo, yaani karibu usoni kabisa mwa upepo. Mtakwenda kwa bisho, huku na huko, tangu alfajiri hadi usiku, au mtawasha injini na kugonga mawimbi kwa saa nane. Isitoshe, maji ya mkondo wa Pemba, ile bahari ya kina kirefu kati ya kisiwa na bara, husukuma kwenda kaskazini mwaka mzima. Upepo unashuka, maji yanapanda. Vikikutana, mawimbi husimama yakawa mafupi na makali. Watu sita wasiozoea wakipita humo siku nzima, watano watafika Misali hawawezi hata kuushika mtungi.

Zungumzeni na nahodha mvuke moja kwa moja: Tanga hadi Misali ni kilomita kama 57, na boti ya kwenda noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, hufika kwa saa sita. Upepo wa kaskazi utakuwa ubavuni upande wa mbele, chombo kitalala kidogo, kitakwenda vizuri. Kurudi ni rahisi zaidi, upepo ukiwa ubavuni na nyuma kidogo. Upande wa magharibi wa Pemba umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo mkishafika mtakuwa na maji tulivu kila siku. Maziwe iacheni kwa safari nyingine. Ni fungu la mchanga mbele ya Ushongo, zamani lilikuwa na miti na kasa walitaga kwa wingi. Miti imekwisha, maji yakijaa fungu linamezwa, na walinzi huhamishia mayai ya kasa ufukweni ili yasife. Ni mahali pa kuheshimiwa, na kutoka Pangani kwa mashua unafika asubuhi moja. Hakuna haja ya kuulipia kwa siku nzima ya bisho.

Hili ndilo kubwa la kutarajia kwenye chombo cha tanga, mwanangu. Mmelipia siku tano, lakini upepo na maji ndivyo vitakavyopanga mbizi ni ngapi na wapi. Nahodha akikwambia leo hatuvuki, amini. Mnaomkodi mkimbana kwa ajili ya ratiba, mnamsukuma afanye jambo ambalo moyo wake umelikataa, na ajali nyingi huanzia hapo. Pangeni tangu mwanzo siku moja isiyo na kazi yoyote. Nawe omba ruhusa ya Jumatatu sasa hivi, iwe akiba. Mkiiacha bila kuitumia, mwalimu mkuu hatakasirika.

Bahari itakulevya siku ya kwanza, nakwambia ukweli, hata kama boti za Nungwi hazikukufanya kitu. Dawa ya vidonge inywe usiku wa kuamkia safari na tena saa moja kabla ya kung'oa nanga; ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Zipo zinazotia usingizi mzito, promethazini mojawapo, na mtu mwenye usingizi asizamie. Ijaribu dawa yako Lushoto wiki moja kabla, uone inakufanya nini. Chomboni kaa nje, nyuma karibu na usukani, macho kwenye nchi kavu au upeo wa bahari. Usishuke chumbani kutafuta kitu kwenye begi. Wengi huangukia hapo. Usivuke na njaa: chapati kavu, ndizi, chai ya tangawizi vinakaa tumboni, maharage na maandazi ya mafuta havikai. Na ikiwa umetapika sana, siku hiyo usizamie hata kama mmefika mapema. Mwili uliopungukiwa maji huitoa naitrojeni vibaya. Kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, kisha kesho uanze.

Maisha ya ndani ni ya kubanana. Boti ya mita 12 au 13 ina vyumba vitatu au vinne vya kulala, kila kimoja upana wa kitanda na nafasi ya kusimama mtu mmoja. Usiku joto hukaa ndani, kwa hiyo wengi hulala juu ya sitaha na kukimbizwa na mvua saa tisa za usiku. Chukua shuka mbili na koti jepesi. Karibu na mikoko kuna mbu; chukua dawa ya kupaka. Choo ni cha pampu ya mkono, na haitupwi humo hata karatasi. Kikiziba, watu wote wanane wameadhibiwa.

Maji baridi ndiyo mali adimu kuliko zote. Tuseme tangi lina lita 400. Gawa kwa watu wanane, kisha kwa siku tano: kila mtu ana lita 10 kwa siku, za kunywa, kupikia, kuosha uso na kusuuza nywele. Utaoga kwa maji ya bahari, ujisuuze kwa kopo moja. Miwani na regyuleta, ile ya kuvutia hewa ya mtungi, navyo vina kopo lao. Masikio yakaushe vizuri kila ukitoka majini, kwa sababu siku tano za unyevu huleta vidonda vya ndani ya sikio, na sikio likiuma safari ya kuzamia imekwisha. Ukipata mafua, usishuke. Masikio yasiyosawazika hayalazimishwi.

Umeuliza kuhusu sala na sitara. Suti ya kuzamia ya mikono na miguu mirefu, pamoja na kofia yake ya mpira, inakufunika kuliko mavazi mengi ya ufukweni, na huku ndani ya maji ya Januari yenye joto la nyuzi 28 hivi suti nyembamba inatosha. Vaa dera juu yake ukiwa sitahani. Ombeni mapema chumba kimoja kiwe cha wanawake. Nahodha wa pwani hii hatashangaa, mama yake na dada zake wanaishi hivyo. Kwa udhu usiguse tangi: maji ya bahari ni tohara. Na kibla usikitafute kwa jua, maana Makka iko karibu kaskazini sawia ya Pemba, longitudo zao zinakaribiana sana. Mashaka ni kwamba chombo kilichotia nanga huzunguka na upepo na maji. Kaskazi ikivuma, omo, yaani mbele ya chombo, itaelekea upepo, na kibla kitakuwa kushoto mwa omo. Mkondo ukigeuka, kila kitu kimegeuka. Tazama dira kabla ya takbira. Habari za kupunguza na kukusanya kwa msafiri muulize shekhe wako, mimi si mwenye elimu hiyo. Ila nakwambia Misali utapapenda. Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwakuta wavuvi pale akaomba msala. Walipokuwa hawana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Nimesali pale ufukweni alfajiri nyingi na kila mara ninapaona kama mara ya kwanza.

Mitungi. Ukizoea boti za hotelini, mtungi unaukuta umejaa. Chomboni kuna kompresa ndogo ya petroli, na ndiyo inayowapa pumzi. Kompresa ya lita 100 kwa dakika huhitaji dakika kama 18 kuujaza mtungi wa lita 12 kutoka mgandamizo wa baa 50 hadi 200. Mitungi sita ni karibu saa mbili za kelele, mara mbili kwa siku. Vumilia kelele, lakini chunguza hewa. Moshi wa injini ile una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala ladha, na ikiingia kwenye mtungi mtu hupoteza fahamu akiwa chini bila onyo. Mdomo wa kuvutia hewa lazima uwe upande upepo unakotoka, moshi utoke upande wa pili. Chombo cha nanga huzunguka, nimeshasema, kwa hiyo baharia asiiwashe akaenda kupika. Mtazame. Ukionja hewa ina mafuta au ukaumwa kichwa baada ya mbizi, sema palepale na mtungi huo usitumike.

Sasa naja kwenye jambo linaloninyima usingizi kila ninaposikia vijana wamekodi boti ya tanga. Nani anabaki juu?

Boti ya injini ikiwaacha majini, nahodha yupo anawafuata kwa mapovu. Boti ya tanga imetia nanga. Haiwezi kung'oa na kuwakimbilia kwa dakika mbili. Kinachowafuata ni kile kiboti cha mpira, na mtu mmoja ndani yake. Miaka mingi iliyopita niliongoza watu watatu kwenye mlango wa Njao, upenyo wa bahari kaskazini mwa Pemba, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Bamvua, siku za maji makubwa na mkondo mkali. Tulishuka maji yakiwa yamesimama, lakini yaligeuka mapema kuliko tulivyohesabu, yakaanza kutoka mlangoni kuelekea nje kwenye kina kirefu. Chini hatukuhisi kitu, kwa sababu ukibebwa na maji huoni mwendo, unaona ukuta tu unapita. Tulipoibuka tulikuwa nje kabisa, mlingoti wetu unaonekana kama kijiti. Kijana wa kiboti alikuwa amerudi chomboni kuchukua maji ya kunywa, na alipotaka kutufuata injini ikakataa kuwaka. Tulikumbatiana wanne kwa saa moja na nusu, mawimbi yakitupandisha na kutushusha. Waliotuokota ni wavuvi wawili wa Kipemba kwenye ngalawa, waliona kofia nyekundu ya mmoja wetu. Hatukuwa na boya la ishara hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, na sikuwa nimeuliza.

Tangu siku ile siingii majini mpaka nimeona mambo kwa macho yangu, nawe fanya hivyo hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote. Mwenye kiboti awe mtu asiyezamia, asiyepika, asiye na kazi nyingine, na asiondoke juu ya mapovu kwa sababu yoyote. Injini iwashwe mbele yenu kabla ya kuruka. Makasia yawemo. Wewe mwenyewe uwe na boya lako refu la rangi ya machungwa lenye kamba, unalijaza pumzi ukiwa bado chini, na filimbi, na tochi hata mchana. Lifanyie mazoezi boya hilo kabla ya kuja, kwenye kina kifupi, mara tano au sita. Mtu asiyewahi kulifungua hujisokota nalo.

Na chagueni siku. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, yenye mkondo mdogo, yako karibu na siku ya 7 hadi 9 na ya 21 hadi 23 ya mwezi. Kwa mzamiaji mwenye mbizi 11, milango ya Pemba ni ya maji mafu tu, na hata wakati huo ni ile nusu saa ambayo maji yamesimama. Bamvua ikiwakuta huko, zamieni kwenye vikingio vya Misali.

Kupanda kiboti cha mpira kuna utaratibu wake. Utajirusha kinyumenyume pamoja na wenzako kwa hesabu moja. Kurudi, ukiwa majini vua kwanza mkanda wa risasi, ule wa vipande vizito vya kukuzamisha, umpe aliye juu, kisha jaketi na mtungi, halafu ujivute kwa kupiga miguu, mapezi uyavue mwisho ukiwa ndani. Ukivua mapezi kwanza huna cha kukusukuma na mkondo unakupeleka. Kuna ambao huchoka hapo kuliko chini kwenyewe.

Chini utakuta nini? Kuta. Miamba ya Pemba magharibi haishuki kwa mteremko, hukatika. Unaogelea juu ya matumbawe ya mita 5 au 8, kisha mbele yako hakuna kitu, bluu inayoingia kwenye weusi mamia ya mita. Cheti chako kinakufikisha mita 18, na hapo ukutani hakuna mchanga wa kukuzuia. Watu huzama mita 10 zaidi wakimfuata kasa bila kujua. Kwa hiyo mbizi ya kwanza mfanye mahali penye mchanga chini, mita 8 hadi 10, ujue una risasi kiasi gani na unaelea sawa. Ukishaenda ukutani, tazama geji ya hewa na saa kila baada ya pumzi chache, na uufanye ukuta uwe bega kwa bega nawe. Hesabu hewa yako kabla hujashuka: anayetumia lita 20 kwa dakika juu, akifika mita 18 anatumia 56. Mtungi wa lita 12 kutoka 200 hadi 50 una lita 1,800, hizo ni dakika 32 tu. Anayetumia zaidi ana chache zaidi, na hakuna aibu katika hilo. Mwenye hewa kidogo ndiye anayeamua kundi zima lipande lini.

Ukutani utawaona ng'amba wakitafuna sponji, mikunga midomo wazi mashimoni, chewa, makundi ya kangaja na pono, na ukigeuza shingo kwenye bluu, huenda mzia wamejipanga au kolekole wakipita kwa kasi. Misali ilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, mwaka uleule ambao bahari ilipashwa joto na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Utaona sehemu zilizofufuka na sehemu ambazo bado ni vifusi. Na kama mtazamia siku moja kwenye miamba ya hapa Tanga, karibu na Yambe au Karange, utaona vifusi vya aina nyingine, vya duara, kama shimo la kinu. Hizo ni alama za baruti. Uvuvi huo umepungua sana miaka ya karibuni, na samaki wameanza kurudi, lakini tumbawe lililochukua miaka 100 kukua halisimami tena kwa miaka 10. Inanichoma kila nikipita pale. Ndiyo maana nakuomba umkumbushe nahodha atie nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe, na nawe usishike chochote.

Mbizi ya usiku, kama mtafanya, iwe kwenye kingio la nanga, kina kifupi. Ukizima tochi na kupunga mkono maji yatawaka cheche za kijani. Ni viumbe vidogo sana hivyo, vikitikiswa hung'aa.

Swali la mwisho la kumuuliza mwenye chombo ni la oksijeni. Mzamiaji aliyepatwa na mapovu hupewa oksijeni safi, lita 15 kwa dakika, tangu dalili ya kwanza hadi afikishwe kwenye matibabu. Kwa kuvuka saa sita ni lita 5,400. Mtungi wa oksijeni wa lita 10 uliojaa kufikia 200 una lita 2,000 tu, haufiki saa mbili na robo. Basi auongeze, au awe na mpango wa boti ya kasi ya kuwafuata, na ajue chemba ya mgandamizo, ile ya kutibia wazamiaji, inayofanya kazi iko wapi na namba ya simu ya kupiga, kabla hamjang'oa nanga. Dalili ni maumivu ya bega, goti au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, vipele vyenye madoa, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, mkojo kukataa kutoka. Mtu akisema “nimelala vibaya tu,” usimwamini. Apewe oksijeni alale, na asirudishwe chini ya maji.

Silikanti, mwanangu, hutamwona. Samaki huyo aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani pamoja na wale mijusi wakubwa wa kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, anaishi hapa mbele ya Tanga, na tangu mwaka 2003 na 2004 wavuvi wetu walianza kumtoa kwenye majarife waliyotega kwa ajili ya papa. Kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Lakini makao yake kwa kawaida ni mapango ya mteremko, karibu mita 100 na zaidi, mahali ambapo mtungi wa hewa ya kawaida ni kifo. Mpaka wa mzamiaji wa burudani ni mita 40. Mkiwa mnavuka, bara ikianza kufifia nyuma na maji yakabadilika kuwa ya bluu nzito, jua kwamba yeye yupo chini ya chombo chenu, anaogelea polepole gizani. Mimi huwa nanyamaza kidogo tukifika hapo.

Niletee tarehe kamili za safari, nikutazamie mwezi utakuwa wa ngapi. Na mama akikuuliza Jumapili mbona hupandi basi mara tu mkifika, mwambie mimi ndiye niliyekuzuia hadi saa nane.